Maji Yaliyomwagwa Mgombani

Ulimwona. Usianze kusema hukumwona. Ulisimama mbele ya mboga zake pale sokoni Kiborloni, ukaiminya kabichi, ukaipindua ukitafuta wadudu, ukairudisha chini na kwenda kwa jirani yake. Macho yako yalifika mikononi mwake yakaishia hapo. Yangepanda kidogo tu yangekutana na uso wa mtu aliyeishiwa usingizi, na ungelazimika kumuuliza kulikoni nyumbani. Hukutaka kuuliza. Ulikuwa na haraka. Nyote huwa na haraka mkifika kwa Mektrida.

Siku hii hakuwa sokoni. Ilikuwa siku ya kliniki ya presha, naye alikuwa uani kwake, Marangu, akimfunga mume wake kwa kanga mbili kwenye mgongo wa dereva wa bodaboda.

"Kaza, mama Jacob," alisema Godbless, dereva, ameikanyaga ardhi kwa miguu yote miwili ili pikipiki isiyumbe. "Mzee akichomoka kule kwenye kona, mimi sina pa kukimbilia."

"Nimekaza."

"Kaza tena. Mzee Primus, shikamoo huko nyuma. Ukiona nakimbiza, nipige ngumi."

Primus alitoa sauti kutoka kooni, ile ambayo siku hizi ndiyo kicheko chake. Ngumi yenyewe ilikuwa imekufa. Mkono wote wa kulia ulikuwa umekufa, pamoja na mguu wake na nusu ya mdomo, tangu asubuhi moja ya vuli alipoinama kufunga kamba ya kiatu akashindwa kuinuka. Alikuwa mpagazi wa mlimani. Wageni wana picha zao kule kileleni, meno yote nje, na Primus yumo katika baadhi ya picha hizo, nyuma kabisa, amekatwa kichwa, unaonekana mzigo tu. Alipoanguka, kampuni iliyokuwa ikimpandisha ilituma salamu za pole kwa simu ya mtu mwingine.

Theodora, mama yake Primus, alitoka jikoni na bakuli na kijiko. Mgongo ulikuwa umempinda lakini mwendo wake ulikuwa wa mtu mwenye amri.

"Hajamaliza," alisema.

"Mama, tumechelewa."

"Mtachelewa nyie. Mboga ni dawa, nesi alisema. Wewe Godbless, zima hilo dude lako."

"Silizimi, bibi. Likizima haliwaki."

Basi Primus akalishwa hapo hapo, amefungwa mgongoni mwa kijana wa watu, injini ikitetemeka chini yake, moshi ukiwazunguka. Theodora aliingiza kijiko upande ule mzima wa mdomo, akasubiri, akafuta kidevu kwa ncha ya kitenge chake. Kilichokuwa kwenye bakuli kilikuwa na rangi ya majani yaliyoloa kwenye mfereji kwa siku nyingi. Kililainika hata ungeweza kukinywa. Theodora alijivunia ulaini huo. Tangu Primus aanguke hakuweza kutafuna sawasawa. Jani likiwa gumu lilikaa shavuni mwake upande uliokufa, yeye hana habari, kisha likamrudia kooni na kumkaba hadi macho yakamtoka. Kuna siku walidhani amekwisha kufa. Ndiyo maana mboga zake zilichemshwa kwa magadi.

Kila asubuhi Mektrida alishuka kihambani, chini ya migomba, akachuma sukuma na figiri na mnafu. Majani yaliyonyooka aliyaweka upande wa soko. Yaliyobaki aliyapeleka jikoni kwa mama mkwe. Theodora aliyatia mazima kwenye sufuria kubwa, akaponda jiwe la magadi, akatia, akafunika, akaketi. Moto wake haukuwa na haraka. Sufuria ilipoanza kutoa ule ukijani mkali alikwenda kuyamwaga maji yote kwenye shina la mgomba nyuma ya jiko, akayakamua majani kwa mikono miwili hadi tone la mwisho, akayarudisha motoni kwa maji mapya na magadi mengine. Uchungu ulikuwa umetoka. Ukali ulikuwa umetoka. Hivyo ndivyo alivyofundishwa, na hivyo ndivyo alivyomfundisha Mektrida alipoletwa pale akiwa mwali.

Na chumvi? Usiwadhanie uzembe. Siku ile nesi aliposema chumvi basi, Theodora mwenyewe alilichukua kopo la chumvi, akaenda nalo bandani, akammwagia ng'ombe yote. Tangu hapo nyumba ile haijaona chumvi. Wote watatu walikula chakula kisicho na ladha mdomoni, kwa kumsindikiza mgonjwa.

Walishuka taratibu. Mektrida alitembea kando ya pikipiki kwenye miteremko, mkono mmoja umeshika kiuno cha mume wake, na barabara ilipokuwa tambarare akapanda nyuma kabisa, mshikaki, watu watatu na injini moja iliyochoka. Walipishana na watu waliovaa nguo za msiba wakielekea Kilema. Mektrida aliitikia salamu zao. Alikuwa akiitikia kila kitu siku hizi, kwa neno moja, bila kusikia alichoambiwa.

Zahanati ile waliijenga wenyewe. Watu wa pale hawajasahau, hata kama kibao cha ukutani kimesahau. Waliitana kwa msaragambo, wanaume wakabeba mawe, wanawake wakabeba mchanga kutoka mtoni kwa vichwa, Primus akabeba mabati akiwa kijana, mawili mawili, akicheka. Kisha akaja mgeni rasmi kukata utepe. Alihutubia hadi watoto wakazimia kwa jua. Akaahidi daktari. Jina lililoandikwa kwenye kibao ni lake. Daktari hakuja. Amekuja nesi mmoja, Ruth, na kipimo kimoja cha presha, na bango ukutani lenye picha ya mboga za rangi rangi ambazo nusu yake hakuna aliyewahi kuziona zikiota Marangu.

Kwa sababu ya ule msiba, foleni ilikuwa fupi. Hilo ndilo lililobadilisha mambo. Hakuna lingine.

"Mzee Primus, shikamoo," alisema Ruth. "Umependeza. Nani kakunyoa?"

Primus alijaribu kunyoosha kidole kwa mke wake.

"Amekuacha na shimo hapa nyuma."

"Alitikisika," alisema Mektrida.

Ruth alifunga kitambaa cha kipimo kwenye mkono wa kushoto, akapampu, akasikiliza. Akafungua. Akafunga tena, akapampu tena. Mektrida alimtazama usoni kama mtu anavyotazama mawingu siku aliyoanika kahawa.

"Imepanda," Ruth alisema. "Mara iliyopita ilipanda, leo imepita pale. Vidonge anakunywa?"

"Kila asubuhi. Namwekea mwenyewe ulimini."

"Hajaruka?"

"Hajaruka."

"Chumvi?"

"Chumvi tulimpa ng'ombe."

Ruth alitaka kucheka, akaona kwamba mama yule hakutania. "Mboga anakula?"

"Asubuhi na jioni. Hata sasa hivi ametoka kula."

"Mnazipikaje?"

Sikia swali hilo. Tangu kiharusi kimwangushe Primus, hakuna aliyewahi kuliuliza. Walimwambia ale mboga kwa wingi apunguze chumvi, wakamwambia kwa kugeuza shingo, huku wanamwita mgonjwa anayefuata. Wapo wengine waliokaa siku nzima katika ukumbi wa hoteli Moshi mjini wakijadili namna ya kuwafikia wanawake kama Mektrida. Walikunywa chai ya saa nne, wakala cha mchana, wakatawanyika na mikoba yenye maandishi. Hakuna hata mmoja aliyeuliza sufuria inakaaje motoni.

Mektrida alieleza. Alieleza kwa mpangilio, akiwa na fahari kidogo, maana hii ilikuwa kazi waliyoifanya vizuri. Kuchuma. Kuosha. Kuchemsha hadi majani yalegee kabisa. Kumwaga yale maji makali. Kukamua. Kuchemsha tena.

"Na magadi," alimalizia, "ya kulainishia. Bila hivyo anakabwa."

Kalamu ya Ruth ilisimama. "Magadi kiasi gani?"

Mektrida alikunja kiganja, akaonyesha. Kiganja kizima.

"Kila sufuria?"

"Na tukibadilisha maji tunaweka tena."

Ruth alivuta kiti akakaa. Nesi yule hakuwa na kawaida ya kukaa. "Mama Jacob, kile kitu kwenye chumvi kinachopandisha presha, kwenye magadi kimo. Tena kimejaa."

"Magadi si chumvi," Mektrida alisema. "Ni jiwe. Halina hata ladha ya chumvi."

"Ulimi hauijui. Mishipa inaijua."

Primus alikuwa anasikia. Watu husahau kwamba anasikia. Jicho lake la kushoto lilitoka kwa nesi likaenda kwa mke wake likabaki hapo.

"Na yale maji mnayomwaga," Ruth aliendelea, sauti ameishusha. "Ule ukali wa sukuma, wa kabichi, wa figiri, ule unaowasha kidogo ulimini, si uchafu. Ni vitu vya mmea wenyewe, mmea unavitengeneza kujilinda na wadudu. Watafiti wanasema huenda vinaisaidia mishipa ya damu ibaki laini, isikakamae, damu isigande ovyo ndani yake. Nasema huenda. Bado wanachunguza, na sikuambii mboga itamwinua akacheze ngoma. Vidonge ni vidonge. Lakini ukichemsha hivyo na kumwaga maji, vingi vinakwenda na maji."

"Vinakwenda mgombani," alisema Mektrida.

"Wapi?"

"Tunamwaga mgombani."

Palikuwa na msumari ukutani, juu kidogo ya bango, usio na kitu. Mektrida aliuangalia. Alingoja jambo fulani limjie kifuani, kilio au hasira, chochote, na alingoja kwa heshima, kama mtu aliyemfungulia mgeni mlango. Hakikuja. Mikono yake ilikuwa juu ya magoti na hakuihisi. Akawaza, labda hivi ndivyo Primus anavyohisi upande ule.

"Kwa hiyo tangu vuli," alisema.

"Usianze kupiga hesabu, mama. Sikiliza. Presha ikikaa hapa ilipo, kiharusi kingine kitakuja, na cha pili hakibishi hodi. Magadi basi kuanzia leo, hata punje. Mnafu wenye uchungu sana mwaga maji ya kwanza, huo sawa. Lakini sukuma na kabichi na figiri usizichemshe hivyo. Kata ndogo kabisa, maji kidogo, funika, zikilegea epua, na yale maji yabaki chakulani."

"Zitakuwa ngumu. Atakabwa."

"Mkalishe wima. Kijiko kidogo. Kata nyembamba."

"Akikabwa?"

Ruth alifungua mdomo. Mlango ulifunguka, mzee mwingine akaingia na fimbo yake na shikamoo zikaanza. Jibu la swali lile Mektrida hakulipata, akarudi nyumbani bila jibu, Godbless akiimba mbele, kanga mbili zimekaza, na kichwa cha mume wake kimelala kwenye shingo ya kijana kama cha mtoto aliyechoka sherehe.

Walipofika, sufuria ilikuwa tayari motoni.

Mektrida alimkalisha Primus kwenye kiti chake barazani, akaingia jikoni, akasalimia. Akafunua mfuniko. Majani mazima, mvuke wenye ile harufu ya jiwe. Akashika kingo kwa kitambaa, akaishusha sufuria chini.

Tangu aolewe hakuwahi kufanya hivyo. Katika nyumba ile, sufuria aliyoiteleka mama mkwe haikushushwa na mkwe. Ikiungua, iungue, hata kama mwenyewe ametoka kwenda kanisani. Theodora aliangalia sufuria, akaangalia moto uliobaki mtupu, akamwangalia mke wa mwanawe.

"Nani amekutuma?"

"Presha imepanda, mama. Nesi anasema magadi ni chumvi."

"Nesi huyo amezaliwa juzi. Magadi nimeyala sijaota meno, na sasa meno yamekwisha tena, na sijaanguka."

"Wewe hujaanguka, mama. Yeye ameanguka."

Maneno yale yalikuwa yametulia kabisa. Labda ndiyo yaliyomfanya bibi yule akae. Angepigiwa kelele angezijibu, alikuwa na kelele za kutosha. Alikaa kwenye kigoda, akaweka mikono kati ya magoti.

"Kwa hiyo ninamuua mwanangu," Theodora alisema. "Sema. Si ndivyo alivyosema?"

Mektrida angeweza kusema hapana. Neno lenyewe ni dogo, na lingekuwa la adabu. Alilitafuta.

"Tulikuwa wawili," alisema. "Mimi ndiye niliyekuwa nachuma."

Alitoka na kisu. Alishuka kihambani, akafika kwenye sukuma alizokuwa amezitenga kwa ajili yako, zile zilizonyooka, akazichuma hizo. Akarudi, akaziosha, akazipanga jani juu ya jani, akazikunja msokoto mmoja mnene, akaubana kwa vidole vya kushoto. Kisu kikaanza kushuka. Kazi hii aliijua hata akiwa amefumba macho. Sokoni mnamwambia, mama nikatie, nina haraka, na yeye huwakatia mkiwa mnaongea na simu, nyuzi nyembamba kama za kufumia, zinaanguka kwenye mfuko wenu. Kwake hakuwahi kukata. Kwake kazi ya kisu ilikuwa inafanywa na jiwe. Sasa alikata nyembamba kuliko alivyowahi kumkatia mteja yeyote, kisha akaligeuza rundo akalikata tena kwa upana, hadi likawa kama majani ya chai. Harufu ilipanda, ile kali, ikamwingia puani. Akaendelea kukata.

Maji kidogo. Mfuniko. Zilipolegea tu akaepua, zikiwa bado za kijani kama zilivyotoka shambani. Theodora alisogea, akachota kwa ncha ya kidole, akatafuna kwa ufizi. Alitafuna muda mrefu.

"Bado ngumu," alisema.

"Ndiyo."

"Hata kwangu ngumu. Kwake itamkaba."

"Najua, mama."

Bibi aliinuka. Mektrida alidhani anakwenda kulifuata lile jiwe la magadi, akajiandaa kumzuia, na hakujua angemzuiaje, kwa mkono au kwa neno. Theodora alikwenda kwenye kona iliyokuwa na kuni, akavuta kinu, akakipiga kofi vumbi likatoka, akakisuuza kwa maji ya moto. Hakumtazama mtu.

"Kama shida ni kulainisha," alisema, "kinu hakina chumvi."

Akazimimina humo, na maji yake yote, akaongeza ndizi mbili zilizochemka. Akashika mchi. Mgongo ule uliopinda ulijua namna ya kushuka nao. Alitwanga kwa pumzi fupi fupi, na kila pigo lilisikika hadi barazani, na Mektrida alisimama mlangoni na bakuli mikononi akisubiri, na pale kifuani bado hapakuwa na kitu, isipokuwa ile sauti.

Walimkalisha Primus wima, mito miwili nyuma yake, kidevu kimeinama kidogo. Mektrida alichukua kijiko cha chai. Akaweka kiasi cha ukucha. Primus alikipokea, uso ukajikunja upande ule mmoja unaojua kujikunja.

"Kali," alisema. Lilitoka limevunjika, lakini lilikuwa neno.

"Kali," alikubali mke wake. "Meza."

"Chumvi..."

"Hakuna."

Akatabasamu nusu. Akafungua mdomo tena, na Mektrida akaweka kijiko cha pili, kikubwa kuliko cha kwanza, maana lazima ale, hawezi kuishi kwa kulamba. Taya likasogea mara mbili, likasimama. Kile kitu cha kijani kimehamia upande uliokufa. Theodora ameshika koo lake mwenyewe kwa vidole viwili bila kujua. Primus anamtazama mke wake kwa jicho moja, mtulivu, kama mtu aliyetua mzigo njiani na hajaamua kuubeba tena. Koo halijasogea. Jua limegeuka upande wa pili wa kihamba. Kijiko kiko hewani.

Na wewe bado umekaa. Weka chini unachosoma. Piga simu kwenu sasa hivi. Usimuulize mama hajambo, muulize ameweka nini kwenye sufuria, na usikubali akuambie kidogo tu. Kisha mchukue baba yako, hata akikuambia haumwi, umpeleke akapimwe presha. Leo. Zahanati hawajafunga bado.